Gramu Sita Chini ya Alama Yangu

Kibandani, Kautokeino
17 Januari 1999

Baba mdogo Issát,

Shikamoo. Sisi wazima, ukiacha magoti ya Mama, ambayo humpa habari za hali ya hewa siku mbili kabla ya redio. Anakusalimu, na anauliza kama mkeo Solfrid bado anachemsha samaki mpaka afe mara ya pili. Baridi imefika nyuzi arobaini chini ya sifuri. Mbwa wetu jike amezaa watano nyuma ya jiko, na sasa upande ule wa nyumba ni wake, mtu hasogei.

Nakuandikia kwa sababu simu nawe ni kazi bure. Injini zimekula masikio yako, na mimi nimechoka kupiga kelele kwenye simu ya dukani mpaka foleni nzima ijue mambo yangu.

Jambo lenyewe ni pikipiki ya theluji. Oktoba nilikupelekea huko Alta, ukaifungua klachi, ukaniambia, "Hii sasa itapanda ukuta." Baba mdogo, haipandi hata kichuguu! Kwenye tambarare inakwenda vizuri, tena kimya kama bibi harusi. Nikiifikisha mlimani na sleji nyuma, nikikamata mafuta yote, injini inapaswa kuimba kwenye mizunguko elfu nane. Saa yake ya mizunguko inaniambia elfu saba na mia mbili, na hapo hapo inaanza kukohoa.

Jumanne iliyopita kulungu wetu walishtuka wakakata kulia, wakaanza kupanda. Upande wa kulia wa kundi ni wangu kuulinda, kama ulivyokuwa wa Baba. Wenzangu walipanda, mimi nikawa natambaa. Waliovuka mlima ni wengi, na idadi siandiki, kwa sababu mimi nimelelewa: hesabu ya kulungu haitajwi. Wamechanganyika na kundi la jirani, na tulikaa siku nne kwenye zizi tukiwatenganisha, sikio kwa sikio, alama kwa alama. Heaika, ambaye tangu Baba afe ndiye anayetuongoza wafugaji wote tunaochunga pamoja katika siida yetu, alinisubiri juu amewasha kiko. Akasema mbele ya wote, "Rávdná, hiyo ni pikipiki au jiko la kuni?"

Walicheka. Hata mimi nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nililia kwa hasira.

Jumanne kabla ya Pasaka tunakaa kikao cha kugawana kazi za uhamisho wa kwenda pwani. Nisipokuwa na mashine inayopanda, watanitoa mbele ya kundi na kunipa sleji ya jikoni, nivute masufuria na mahema nyuma ya wanaume. Nikishatolewa pembeni pale pa Baba, sitarudishwa. Unawajua.

Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Rávdná


Alta
9 Februari 1999

Rávdná mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika zamani, ila nilikuwa na mafua, halafu Solfrid naye akayachukua. Mwambie mama yako samaki wetu wanakufa mara moja tu. Huku mvua inanyesha juu ya theluji, barabara ni kioo, jirani ameingiza gari lake kwenye ukumbi wa kanisa.

Kuhusu mashine. Mwaka huu theluji ni laini, kila mtu analalamika. Mkanda wako bila shaka umechakaa. Weka mpya. Safisha nyuso za klachi kwa spiriti, na usiguse na vidole vyenye mafuta ya nyama, nakujua. Halafu jifunze kuendesha. Nyinyi vijana mnakamata mafuta yote kama mnakaba mwizi. Kamata taratibu.

Jambo moja nakukataza: klachi usiifungue. Nimeifunga mimi, nitaifungua mimi. Vile vyuma vitatu vya ndani nimevipima hadi sehemu ya kumi ya gramu, na nimevichora alama yako kwa tupa, ile ya masikio ya kulungu wako, ili ujue ni vyako na si vya mtu mwingine. Ukivigusa nitajua.

Na hiyo sleji ya jikoni si fedheha. Bibi yako aliivuta miaka ishirini.

Baba yako mdogo,
Issát


Kibandani
22 Februari 1999

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama hajambo. Watoto wa mbwa wamefungua macho, mmoja tumempa jina lako kwa sababu anabweka bila kusikiliza.

Mkanda mpya nimeweka. Spiriti nimetumia, chupa nzima, kibanda kikanuka hospitali. Nimekamata taratibu, nimekamata haraka, nimekamata huku nikisali. Elfu saba na mia mbili!

Theluji si laini, Baba mdogo. Huku theluji ni ngumu kama ubao, ungejua kama ungekuja. Mara ya mwisho kukanyaga Kautokeino ni siku ya mazishi ya Baba, hukukaa hata kunywa kahawa. Miaka sita sasa. Sasa unakaa dirishani Alta unanielezea theluji ya kwangu.

Bibi alivuta sleji ya jikoni kwa sababu alitaka, na aliyemwambia vinginevyo alipigwa kijiko. Mimi sitaki. Mimi ni mtoto wa Áslat, alama ya masikio niliyonayo ni ile ile aliyoniachia, na kazi yake ndiyo kazi yangu.

Nitumie vyuma vyepesi zaidi. Au njoo. Kikao kimebaki wiki tano.

Rávdná


Kibandani
12 Machi 1999

Baba mdogo Issát,

Wiki mbili na nusu, hata mstari mmoja. Basi soma hii.

Nimeifungua.

Ndiyo, nimeifungua, na usinikatishe. Sikukujua kama mtu wa kukataza watu kuangalia kazi yake, ndipo nikajiuliza kuna nini humo ndani ambacho macho yangu hayatakiwi kuona. Klachi si uchawi. Injini ikizunguka, vile vyuma vitatu vinatupwa nje na kubana mkanda, na springi inavizuia visitoke mapema. Vikiwa vyepesi, injini inapanda juu inaimba. Vikiwa vizito, vinabana upesi mno, injini inakabwa koo. Mafundi wote wa hapa wanajua: gramu moja ni mizunguko kama mia moja na ushee.

Vyuma vyangu vimegongwa namba sitini kiwandani. Na alama yangu ipo kweli, umeichora vizuri, mikato miwili kushoto na mmoja kulia. Nikachukua mizani ya Mama ya kupimia hamira.

Namba inasema sitini. Mizani inasema sitini na sita.

Nikadhani mizani imeharibika. Nikapima hamira, nikapima risasi za bunduki ambazo uzito wake naujua. Mizani haina kosa. Nikasogea dirishani na kile chuma, nikakiangalia kama unavyoangalia sikio la kulungu uliyemshuku, na nikaona. Matundu yake ya kiwandani yamezibwa. Umetia risasi ya kuyeyusha ndani yake, ukasugua kwa msasa, halafu juu yake, Baba mdogo, JUU YAKE ukachora alama yangu ili nisione!

Hukukosea. Mtu hakosei mara tatu, gramu sita kila mara. Umeninyonga makusudi, halafu ukaniandikia habari za mkanda na spiriti na vidole vyenye mafuta, na mimi mjinga nikanunua mkanda. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wewe ni Msami kama mimi. Unajua anayekata alama juu ya alama anaitwaje. Hata watoto wetu wanajua hilo neno kabla hawajajua kusoma. Baba angekuwa hai usingethubutu.

Kwa nini? Nimekukosea nini? Nijibu kwa maneno, si kwa mafua.

Rávdná


Alta
20 Machi 1999

Rávdná,

Nimesoma. Solfrid amesoma pia, na amenikasirikia, kwa hiyo furahi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe sina mtu.

Mimi si mwizi. Umeandika neno ambalo hata adui zangu hawajaniambia. Nimetengeneza klachi za watu wa bara na pwani tangu wewe unanyonya, na hakuna aliyewahi kuniletea mizani ya hamira!

Ndiyo, gramu sita. Nilizitia. Mashine inayokwenda polepole inarudi nyumbani. Hilo ndilo jibu langu na halina mkia. Usiniulize zaidi, maana sitajibu, na usimuulize mama yako.

Vyuma virudishe kama vilivyokuwa. Nakuomba kama mzazi. Sikuamuru, nakuomba.

Wapokee salamu wote.

Issát


Kautokeino
31 Machi 1999

Issát,

Shikamoo siandiki. Hiyo ni heshima, na leo sina.

Ile risasi niliitoa kwa keekee, kidogo kidogo, nikipima kila hatua. Sitini na nukta mbili kila kimoja. Jumapili nilipanda mlima ule ule na sleji iliyojaa kuni. Elfu nane na hamsini! Haikukohoa. Nilifika juu nikazima injini, nikakaa pale peke yangu nikicheka kama mwehu. Nikasema nitamsamehe huyu mzee, kikao kiishe tu.

Jana kikao kikakaa. Kahawa ikazunguka, ulimi wa kulungu ukakatwa. Ilipofika zamu ya upande wa kulia nikasema, "Mashine yangu imepona, njooni nje muone." Heaika hakuinuka. Akatoa bahasha mfukoni. Akasema, "Mtoto, mimi sina ugomvi nawe, lakini baba yako mdogo ameniandikia." Akaisoma kwa sauti mbele ya watu kumi na moja.

Nimeikariri, kwa hiyo usijisumbue kukumbuka. "Rávdná asiwekwe mbele. Mashine yake haifai kwa kazi hiyo, na yeye mwenyewe hafai. Mpe sleji ya jikoni. Hili nakuomba kwa jina la marehemu kaka yangu."

Kwa jina la Baba!

Hakuna aliyecheka safari hii. Hilo ndilo lililonichoma, waliangalia vikombe vyao kwa huruma. Nikasema, "Muulizeni nani aliyeifanya mashine isifae." Heaika akajibu, "Issát anaijua klachi kuliko sisi sote. Akisema haifai, haifai." Sleji ya jikoni ikawa yangu. Upande wa Baba amepewa mpwa wa Heaika, ambaye hajui hata kubadilisha plagi.

Umeniibia mara mbili. Kwanza nguvu, kisha jina. Sitaki vyuma vyako, sitaki ushauri wako, na barua ijayo usiandike kama haina sababu ndani yake.

Rávdná Áslat


Alta
18 Aprili 1999

Rávdná,

Nimeanza barua hii mara tano. Solfrid amesema nisipoituma ataituma yeye, na ataandika kwa lugha yake ya pwani isiyo na haya.

Unataka sababu. Kaa chini.

Aprili ya mwaka ule, baba yako alikuja karakana kwangu, wakati huo bado niko Kautokeino. Alikuwa na hasira kama zako, kulungu walikuwa wamemtoroka. Akaniambia, "Issát, nataka mashine inayouma. Nikigusa tu, iruke." Nilimwambia kwa kazi ya kundi hiyo haifai. Akaniita mwoga. Basi na mimi nikakasirika. Nikasema unataka iume, itauma. Nikamtilia springi nyekundu, ile ngumu ya watu wa mashindano. Na springi ile klachi haishiki mpaka injini ifike elfu nne na mia sita. Huwezi kutambaa nayo. Unapiga resi, unapiga resi, haisogei, halafu ghafla inachupa.

Mwezi uliofuata akavuka mto. Barafu ya Mei unaijua, unaipita kwa kutambaa, kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa. Yeye hangeweza kutambaa. Mkanda wa chini ulichimba, barafu ikafunguka. Lensmani, yule polisi wa wilaya, aliandika "barafu". Mama yako alisema "barafu". Watu wote kwenye mazishi walinishika mkono wakisema "barafu", na mimi nilisimama pale nikijua ni klachi, na ni mkono wangu. Kahawa ya mama yako nilishindwa kuinywa. Ningeinywaje?

Ndiyo maana nilihama siku ile ile ya mazishi. Ndiyo maana sikuja. Na Oktoba uliposhuka kwenye lori na ile mashine, na mdomo wa baba yako usoni mwako, ukasema, "Baba mdogo, nataka inayopanda," niliangusha spana. Nilikutilia gramu sita ili usife. Nilimwandikia Heaika ili usife. Nimekudhalilisha, sawa. Lakini u hai, na ningefanya tena.

Sasa unajua. Mwambie mama yako au usimwambie. Sitarajii jibu.

Issát


Kambi ya kiangazi, pwani
23 Mei 1999

Baba mdogo,

Shikamoo. Tumefika. Barua yako ilinikuta njiani, ikakaa mfukoni mwangu siku tisa, kwa sababu kila nilipoifungua niliifunga tena. Kulungu wamevuka salama, ndama wanazaliwa kila siku. Mama alikuja kwa gari jana.

Nimemwambia. Nilimsomea yote. Aliweka kisu chini na kukaa juu ya ngozi, kahawa ikachemka ikamwagika. Kisha akasema, "Miaka sita nilidhani anaidharau nyumba ya mjane." Kisha akalia, na mimi sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi.

Sasa kaa chini wewe.

Mashine ya Baba ilitolewa mtoni Juni ile. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikujua la kufanya na mikono yangu, kwa hiyo niliifungua yote, hadi skrubu ya mwisho, nikakausha kila kitu juu ya magazeti. Klachi niliifungua mimi. Springi iliyokuwamo ilikuwa nyeupe. Ile laini, ya kutambaa, ya kazi ya kundi.

Nyeupe, Baba mdogo!

Nyekundu niliikuta kwenye sanduku lake la spana, ndani ya soksi, imefungwa na karatasi. Nilidhani ni mambo ya ufundi tu. Karatasi ile ninayo, imekaa kwenye Biblia ya Mama, nayo ina mwandiko wake: "Issát kazidisha. Hii inaua mkanda. Nimerudisha ile nyeupe, nimwambie akija, ila nimwambie kwa upole." Hakuwahi kukwambia. Alikuwa anatafuta upole, nao hakuwa nao wa kutosha, kama wewe, kama mimi.

Alivuka mto na klachi inayotambaa. Alitambaa, na barafu ilifunguka hata hivyo, kwa sababu ilikuwa Mei na yeye alikuwa mbishi. Basi.

Na springi ile nyeupe sikuitupa. Niliitia kwenye mashine yangu. Oktoba uliitoa humo, ukaifuta kwa kitambaa, ukaishika mkononi mwako, ukairudisha. Ungeuliza tu, "Hii umeitoa wapi?" ningekwambia. Maneno matatu! Ukachagua kuyeyusha risasi.

Nimekaa na hasira hii nikitafuta mahali pa kuiweka. Nakuonea huruma, na bado ningekuwa karibu yako ningekupiga na spana. Miaka sita umejifunga wewe kwa kosa ambalo hukulifanya, kisha ukanifunga na mimi. Masika haya yamekwisha. Nimevuta masufuria tangu bara hadi baharini, na mpwa wa Heaika alipoteza kulungu kwenye korongo lile lile ambalo Baba alilijua kwa macho yaliyofumbwa. Hilo huwezi kulitengeneza kwa mizani yoyote.

Nilimweleza Heaika. Akasema, "Barua yake niliisoma kwa sauti, kwa hiyo na hili aliseme mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wale wale." Kikao cha uhamisho wa vuli ni tarehe nne Septemba.

Sijakusamehe. Usilete zawadi na usilete mafua. Njoo useme.

Binti wa kaka yako,
Rávdná